Mzao au Uzao? Uhakiki wa Ahadi na Warithi Wake

UTANGULIZI

Makala hii ilizaliwa na aibu. Nilipokuwa mwaka wa kwanza nilipewa zamu ya kufundisha Biblia katika kikundi chetu cha sala pale bwenini. Tulikuwa kama ishirini hivi, tumebanana katika chumba cha vitanda vinne, wengine wamekalia ndoo zilizofudikizwa. Somo lilikuwa Waraka kwa Wagalatia, sura ya 3 na ya 4. Nami, kwa kujiamini kwa mtu aliyelelewa na babu mwinjilisti, niliimaliza kazi kwa nusu saa. Nikasema: Mungu alimwahidi Ibrahimu urithi; Wayahudi wakaupoteza kwa kumkataa Kristo; jina lao likafutwa katika wosia, la kwetu likaandikwa. Tangu hapo, nikasema, kila palipoandikwa Israeli soma Kanisa. Watu wakaitikia amina.

Kisha dada mmoja wa kitivo cha sayansi, mwaka wa kwanza kama mimi, ambaye kwa kawaida hasemi, akanyoosha mkono. "Kaka, hao waliofutwa walikuwa wameapiwa au hawakuapiwa?" Nikasema waliapiwa. "Sasa kama aliyeapiwa anafutwa, sisi tunalala usingizi kwa lipi?" Nikakohoa. Nikasema hilo ni swali zuri, tutalitafiti. Halafu nikaanzisha wimbo.

Makala hii ndiyo utafiti ule, umechelewa miaka miwili. Mimi si mwanatheolojia. Ninachofundishwa ni kusoma matini: nani anasema, anamwambia nani, kwa neno lipi, na ananyamaza wapi. Wapo watakaosema Biblia haihakikiwi. Nawaambia kuhakiki si kubomoa. Ni kusoma polepole, na jambo linaloaminiwa na watu wengi namna hii linastahili kusomwa polepole kuliko yote.

Hoja yangu ni moja. Mtume Paulo aliusoma upya mstari wa ahadi ili mlango ufunguke kwa mataifa. Wasomaji wengi waliomfuata waliutumia usomaji uleule kuwafungia nje wenye nyumba. Na kila walipofanya hivyo ahadi yenyewe ilipoteza nguvu, hata kwao walioishika.

NGELI YA AHADI

Tuanze na fani, kwa maana hapa mzozo wote umekaa juu ya nomino moja. Katika Biblia ya Kiswahili ya Union Version, iliyotoka kamili mwaka 1952, ahadi ya kitabu cha Mwanzo sura ya 17 inamtaja Ibrahimu na "uzao" wake. Neno hili liko katika ngeli ya U-, ngeli inayopenda dhana na mikusanyiko, nalo halina wingi. Hatusemi "mauzao" wala "nyuzao". Uzao ni mmoja kwa jina, ni wengi kwa watu. Wafasiri waliona mbali, maana Kiebrania nacho kinatumia neno zera, mbegu, ambalo ni umoja uliobeba wingi. Muktadha nao hauna utata: katika sura ya 13 uzao huo unafananishwa na mavumbi ya nchi, na katika sura ya 15 na nyota za mbinguni. Hakuna aliyewahi kuangalia nyota akaona mtu mmoja.

Sasa fungua Wagalatia 3:16. Paulo anatoa hoja ya kisarufi kabisa. Anasema ahadi ilitolewa kwa neno la umoja, si la wingi, na kwamba huyo mmoja ni Kristo. Wafasiri wetu wakafika njia panda. Wangebaki na "uzao" hoja ingefia njiani, kwa sababu uzao hauna wingi wa kulinganishwa nao. Ikabidi wahame ngeli: wakaandika "mzao", ili wapate "wazao" wa kukanushwa. Yaani Kiswahili kimelazimika kutamka hadharani kile ambacho Kiyunani kinakificha ndani ya neno moja, sperma. Halafu, mistari kumi na mitatu baadaye, katika mstari wa 29, Paulo anawaambia Wagalatia wote, kwa wingi wao, kwamba wakiwa wa Kristo basi nao ni wa Ibrahimu. Na hapo wafasiri wanarudi kimyakimya kwenye "uzao".

Mhakiki mwenye haraka atasema hapa mtume kachemsha. Mimi mwenyewe nilisema hivyo kwenye semina, nikachekwa. Paulo alikuwa Farisayo, alijua zera inavyotumika. Tena alijua kwamba neno hilohilo linaweza kumtaja mtu mmoja: katika Mwanzo 4:25 linamtaja Sethi, na katika Samweli wa Pili sura ya 7 linamtaja mwana wa Daudi atakayejenga nyumba. Anachofanya ni kuisoma ahadi ya Ibrahimu kwa kuitazama kupitia ahadi ya Daudi, ujuzi ambao wasomi wa Kiyahudi wa zama zake waliufahamu. Kwa hiyo tunapata mwendo wa hatua tatu: kutoka wengi hadi mmoja, na kutoka mmoja kurudi kwa wengi, safari hii wakiwa wengi zaidi. Ni kama shingo ya mtungi. Shingo ni nyembamba, lakini hakuna anayenunua mtungi kwa ajili ya shingo.

Basi swali la mhakiki ni hili: kwa nini Paulo aliihitaji hiyo shingo? Anaowaandikia Wagalatia si Wayahudi. Ni watu wa mataifa, katika nchi ambayo leo ni sehemu ya Uturuki, katikati ya karne ya 1. Wamekuja walimu wengine wakawaambia imani haitoshi, lazima watahiriwe. Swali lililoko mezani ni "Je, mtu wa mataifa anaweza kuwa mrithi bila kwanza kugeuka Myahudi?" Paulo anajibu ndiyo. Swali la "Je, Myahudi bado ni mrithi?" halijaulizwa hapo. Hoja hii si ya kwangu peke yangu. Krister Stendahl, msomi wa Kilutheri kutoka Sweden, aliitilia mkazo katika kitabu alichokitoa mwaka 1976 kuhusu Paulo kati ya Wayahudi na mataifa: kwamba tumemgeuza Paulo kuwa mjibu maswali yetu, tukasahau alikuwa akijibu swali la mahusiano ya jamii mbili. Kosa langu pale bwenini lilikuwa hilo. Nilichukua jibu la swali moja nikalibandika kwenye swali lingine.

JE, WAYAHUDI WALISEMA DAMU TU?

Kuna dhana tunayokua nayo: kwamba Myahudi anausoma uzao kwa damu, Mkristo kwa roho. Ni dhana nzuri kwa mahubiri, ila haisimami. Ruthu alikuwa Mmoabu na akawa bibi wa Daudi kwa vizazi. Katika mapokeo ya Kiyahudi mtu aliyeongoka kuingia dini yao huitwa mwana wa Ibrahimu. Katika karne ya 12 muongofu mmoja aitwaye Obadia alimwandikia Maimonides, mwanachuoni mkubwa wa Kiyahudi aliyeishi na kufanya kazi Misri, akitaka kujua kama anaruhusiwa katika sala kumtaja Mungu kuwa Mungu wa baba zake, hali baba zake hawakuwa Wayahudi. Maimonides alimjibu kwamba anaruhusiwa, maana Ibrahimu ni baba wa kila anayeifuata njia yake, na kwamba hakuna tofauti kati yake na waliozaliwa ndani.

Nilipoisoma habari hii niliduwaa. Swali ni lilelile la Wagalatia, mlango ni mwingine. Wayahudi nao walikuwa na njia ya kumfanya mgeni kuwa uzao. Tofauti yao na Paulo ilikuwa juu ya njia na juu ya huyo Mmoja wa katikati, tofauti kubwa kweli, wala mimi siifichi. Lakini hatuwezi tena kusema kwamba wao walishika damu na sisi tukashika imani. Huo ni uchoraji wa mhusika bapa, na tunajua anavyochorwa: anachorwa na mtu ambaye hajaongea naye.

HAJIRI AMEKOSA NINI?

Najua mahali nitakapobanwa, ni Wagalatia sura ya 4. Pale Paulo anawachukua wake wawili wa Ibrahimu, Hajiri na Sara, na kuwafanya maagano mawili, na Yerusalemu ya wakati wake anaiweka upande wa Hajiri mtumwa. Kisha anauleta mstari wa Mwanzo kuhusu kumfukuza mjakazi na mwanawe. Ni kipande kikali. Wayahudi, ambao kwa nasaba ni wana wa Sara, wamehamishwa wakakalishwa kwa Hajiri. Sitaki kukilainisha.

Nasema mambo mawili tu. Kwanza, Paulo mwenyewe anatutahadharisha kwamba hapa anasema kwa mfano. Ni istiari, na shabaha yake ni wale walimu wanaowashinikiza Wagalatia; hao ndio anaotaka waondolewe katika makanisa yale. Pili, istiari ina mipaka, na mipaka yake inaonekana ukirudi kwenye matini mama. Rafiki yangu mmoja Mwislamu kutoka Tanga, tunayekaa naye chumba kimoja, nilimsomea sura ile. Akasikiliza mpaka mwisho akauliza, "Na Hajiri amekosa nini?" Sikuwa na jibu la haraka. Nikafungua Mwanzo. Katika sura ya 16 Hajiri anakutana na Mungu jangwani na anampa Mungu jina. Katika sura ya 17 Ishmaeli anabarikiwa na kuahidiwa wakuu kumi na wawili, ingawa agano linathibitishwa kwa Isaka. Katika sura ya 21 Mungu anasikia sauti ya kijana kule kwenye kiu. Msimulizi wa Mwanzo anachagua mrithi mmoja wa agano, lakini hakubali kumfanya yule mwingine takataka. Kwa hiyo hata aliyekaa upande wa Hajiri, katika hadithi yenyewe, hakai nje ya macho ya Mungu.

"KALE" NA "KUUKUU"

Tugeukie neno "agano". Limetoka kwenye kitenzi "agana", na kitenzi hiki kina nyuso mbili. Watu huagana wanapokubaliana jambo, na huagana wanapoachana. Ningethubutu kusema historia ya usomaji wa Kikristo imegawanyika juu ya nyuso hizo: kuna waliosikia makubaliano, na kuna waliosikia kwaheri.

Sisi tunaita sehemu ya kwanza ya Biblia Agano la Kale. "Kale" kwa Kiswahili ni neno la heshima. Wahenga ni wa kale, na mambo ya kale ndiyo tunayoyawekea makumbusho. Lakini Waraka kwa Waebrania, sura ya 8, unaposema juu ya agano la kwanza, Union Version inatumia neno jingine kabisa: "kuukuu". Kuukuu ni nguo iliyochakaa, ni kitambaa cha kufutia meza. Kati ya "kale" na "kuukuu" kuna umbali mkubwa, na msomaji anayechanganya maneno hayo mawili atafikiri jalada la Biblia linasema jambo ambalo halisemi.

Tena tutazame mwandishi wa Waebrania amefikaje hapo. Anamnukuu nabii Yeremia, sura ya 31, habari ya agano jipya. Mosi, katika Yeremia wahusika wa agano hilo jipya wametajwa kwa majina: ni nyumba ya Israeli na nyumba ya Yuda. Hakuna mhusika mwingine. Agano ni jipya, mwenzi ni yuleyule. Pili, angalia nukuu inapokoma. Inakoma mwisho wa mstari wa 34. Mistari mitatu inayofuata kwa Yeremia, 35 hadi 37, inasema kwamba kama jua, mwezi na nyota zinavyoshika utaratibu wake, ndivyo uzao wa Israeli hautakoma kuwa taifa mbele za Mungu. Wenzangu wa fasihi mnajua kanuni: mkato wa nukuu nao ni maana. Simtuhumu mwandishi wa Waebrania kwa hila. Alikuwa na lake la kusema juu ya ukuhani na dhabihu, na alinukuu kinachomfaa. Ila sisi tunaosoma vitabu vyote viwili ndani ya jalada moja hatuna kisingizio. Mistari ile mitatu iko palepale, inatungoja.

MHUSIKA ASIYEACHIWA JUKWAA

Baada ya mitume kukaja wasomaji wakubwa. Wa kwanza kumwangalia ni Yustino Shahidi, aliyeandika katikati ya karne ya 2 mjadala baina yake na Myahudi aitwaye Trypho. Kifani ni kazi yenye mvuto, ina majibizano na heshima. Trypho anajitambulisha kuwa ametoroka vita vya nchini mwake, vile vya miaka ya 132 hadi 135 ambamo Warumi waliwaponda Wayahudi. Yaani ni mkimbizi. Na huyu mkimbizi, aliyepoteza nchi juzi juzi, anaambiwa na Yustino kwamba hata maandiko anayoyanukuu si yake tena, ni ya Wakristo, na kwamba Israeli wa kweli ni Wakristo. Mahali fulani Trypho anauliza kwa mshangao kama ni wao sasa ndio Israeli. Swali hilo ndilo linalonikaa kichwani. Mwandishi amempa Trypho swali zuri, kisha amejipa mwenyewe kurasa zote za kujibu.

Wengine wakafuata. Tertuliano wa Karthago, Mwafrika wa kaskazini, aliichukua habari ya Esau na Yakobo, ambamo mkubwa atamtumikia mdogo, akasema mkubwa ni Wayahudi na mdogo ni Wakristo. Augustino wa Hippo aliirudia tafsiri hiyo katika Mji wa Mungu, kitabu alichokianza mwaka 413 na kukimaliza 426, akaongeza kwamba Wayahudi wametawanywa ili wawe mashahidi, wakibeba vitabu vinavyothibitisha imani ya wengine. Ni nafuu kidogo, kwa sababu shahidi hauawi. Lakini ni mhusika wa aina gani huyu? Ni mpagazi. Anabeba mzigo asioruhusiwa kuufungua.

Sisi tuliolelewa Kilutheri tuna neno la nyumbani la kusema. Mwaka 1523 Martin Luther aliandika kitabu kukumbusha watu kwamba Yesu alizaliwa Myahudi. Mwaka 1543, akiwa mzee, akaandika kingine kinachotaka masinagogi yachomwe na nyumba za Wayahudi zibomolewe. Wafuasi wa Hitler walikitumia kitabu hicho karne nne baadaye. Sisemi kwamba tafsiri ya ngeli ya neno moja ndiyo iliyojenga makambi ya mauaji. Historia haiendi kwa mstari ulionyooka hivyo. Ninasema hivi: ukishazoea kusoma hadithi ambamo mtu fulani amekwisha fanya kazi yake na hana tena sababu ya kuwapo, siku wakija watu kumwondoa kweli, utakuwa huna hata sentensi moja ya kumtetea.

Upo pia usomaji wa upande wa pili, ambao siku hizi unasikika sana. Mzizi wake ni John Nelson Darby, mhubiri wa karne ya 19, na ulienezwa na Biblia yenye maelezo ya Scofield iliyochapishwa mwaka 1909. Huu haumfuti Myahudi, unamhitaji mno. Anatazamwa kama mshale wa saa: akisogea hivi, siku za mwisho zimekaribia. Watu hudhani usomaji huu ni kinyume cha ule wa Yustino. Kwa jicho la kihakiki naona ni ndugu. Katika mmoja mhusika anatolewa jukwaani, katika wa pili anasukumwa acheze mwisho tulioutunga sisi. Katika yote mawili hakuna anayemuuliza anausomaje mwenyewe uzao wake na agano lake. Na yote mawili yanawaruka manabii kama Amosi, ambao kwao kuwa mwana wa agano kulimaanisha kuulizwa habari ya maskini kabla ya mtu mwingine yeyote.

Mhakiki aliyenifungua macho ni Erich Auerbach, Myahudi wa Ujerumani. Mwaka 1935 aliondolewa katika kiti chake cha uprofesa Marburg kwa sababu ya uzao wake, tuliseme neno hilo kama lilivyo. Mwaka 1936 akaanza kufundisha Istanbul, na mwaka 1938 akachapisha insha yake iitwayo Figura. Humo anatofautisha namna mbili za kusoma. Katika istiari ya kawaida, ukishaipata maana, tukio la kwanza halina kazi; ni ganda. Katika figura, tukio la kwanza na la pili yote ni ya kweli, yametokea kwa watu wenye miili. La kwanza linalitabiri la pili, la pili linalitimiza la kwanza, na hakuna linaloyeyuka. Auerbach hakuficha kwamba usomaji huo uliwapokonya Wayahudi mambo mengi. Lakini naona uzito wa mtu huyu, aliyeondolewa kwa ajili ya nasaba yake, kukaa ugenini na kuonyesha kwa utulivu kwamba hata ndani ya usomaji wa Kikristo kuna namna ya kumwacha Ibrahimu abaki Ibrahimu.

SHINA NA CHIPUKIZI

Turudi kwa Paulo, kwa sababu hakuishia Wagalatia. Miaka michache baadaye, karibu na mwaka 57, aliwaandikia Warumi, na sura ya 9 hadi ya 11 ni jibu la swali la yule dada wa sayansi. Anaanza kwa kuwataja Waisraeli, ndugu zake kwa jinsi ya mwili, na kusema kwamba wao ndio wenye maagano na ahadi. Njeo ni ya wakati uliopo. Hasemi walikuwa.

Mtu ataniambia: mbona katika 9:6 anasema si wote walio wa Israeli ndio Israeli? Kweli anasema. Lakini hapo anachora mstari ndani ya Israeli, kama manabii walivyofanya walipozungumzia mabaki. Hasemi jina limehamia kwa watu wengine. Ataniambia tena: na Wagalatia 6:16, anapoitaja Israeli ya Mungu? Pale mzozo wote umo katika kiunganishi kimoja cha Kiyunani, kai, ambacho kinaweza kuongeza kama "na" yetu au kufafanua kama "yaani". Wasomi hawajakubaliana. Mimi siwezi kulijenga fundisho zima la kumfuta mtu juu ya "na".

Katika sura ya 11 Paulo anauliza waziwazi kama Mungu amewasukumia mbali watu wake, na anajikana swali lenyewe kwa kujitaja: yeye ni Mwisraeli, wa uzao wa Ibrahimu, kabila la Benyamini. Kisha anatoa taswira ya mzeituni. Matawi mengine yamekatwa, na chipukizi la mzeituni mwitu limepandikizwa kati yao. Wakulima wetu wa miembe na maparachichi huiita kazi hiyo kubebesha, na hakuna neno linaloichangamsha taswira hii kama hilo. Kwa kawaida unabebesha kikonyo cha aina bora juu ya shina la kienyeji. Paulo amegeuza: cha mwitu kimebebeshwa juu ya shina bora, na mwenyewe anakiri ni kinyume cha desturi ya miti. Halafu anamgeukia huyo mgeni na kumwonya asijivune, maana anayebebwa ni yeye na anayebeba ni shina. Hata matawi yaliyokatwa, anasema, Mungu anaweza kuyarudisha.

Huyo mgeni ni nani? Ni mimi, nimesimama katika chumba cha bweni nikitangaza kufutwa kwa watu ambao bila wao nisingekuwa na kitabu cha kufundishia. Na Paulo anaimaliza hoja katika 11:29 kwa kusema kwamba vipawa na wito wa Mungu ni vitu asivyovijutia. Mstari huo ulikaa miaka mingi bila kusomwa kwa sauti. Tarehe 28 Oktoba 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikani uliitegemea sura hiyohiyo katika tamko lake, Nostra Aetate, ukasema Wayahudi wasionyeshwe kama watu waliokataliwa na Mungu au kulaaniwa. Mwaka 1994 Kanisa la Kiinjili la Kilutheri la Marekani lilitoa tamko la kuyakataa maneno yale ya Luther. Ni usomaji upya, na umekuja baada ya makaburi mengi.

HITIMISHO

Sijasema Mkristo aache kusoma Kristo katika ahadi ya Ibrahimu. Akifanya hivyo anaacha kuwa msomaji wa Paulo. Myahudi na Mkristo hawatakubaliana juu ya "mzao" yule mmoja, na hakuna uhakiki utakaowapatanisha hapo. Nilichosema ni kwamba "mzao" wa mstari wa 16 aliwekwa ili "uzao" wa mstari wa 29 upanuke. Anayemtumia kuupunguza amesoma nusu ya hoja. Na anayesema Mungu alimwacha aliyemwapia hana tena ahadi ya kumpa mtu mwingine, kwa kuwa ahadi zote mbili zimetoka kinywa kimoja.

Wiki iliyopita nilimtafuta yule dada. Yuko mwaka wa tatu sasa, ana mradi wa maabara unaomnyima usingizi. Nikamwambia jibu nimelipata: hawakufutwa, na ndiyo maana sisi tunaweza kulala. Akanisikiliza, akauliza maswali mawili magumu kuhusu Waebrania ambayo nimeyajibu humu kadiri nilivyoweza. Kisha akasema, "Kwa hiyo siku ile ule wimbo ulikuwa wa kunikwepa."

Nikakiri. Nawakaribisha wenzangu wanijibu katika toleo lijalo.